Mzee Zablon Alipoziaga Nati

Zablon Masolwa alifanya kazi karakana ya reli miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna nati aliyoikaza yeye ikalegea. Hilo alilisema mwenyewe, na alilisema mara nyingi. Alilisema misibani, alilisema kwenye vikao vya wazee wa kanisa la Moravian, na siku moja alimwambia muuza mkaa ambaye maskini alikuwa ameuliza tu kama gunia libaki mlangoni au liingizwe ndani. Watu wa mtaa wa Ipuli walishamzoea. Kila mtu ana lake la kujisifia, na afadhali nati kuliko ng'ombe wa kusingizia.

Na mkono alikuwa nao kweli. Mkewe, Marcelina, alimkataza kufunga bomba la uani, kwa sababu akilifunga yeye nyumba nzima inakaa bila maji mpaka atakaporudi. Vifuniko vya chupa za asali ndiyo usiseme. Kuna mwaka mke wa mchungaji alipelekewa asali ya zawadi kutoka kwa akina Masolwa, akahangaika nayo wiki nzima, mwisho ikabidi chupa ivunjwe shingo. Zablon aliposikia hakuona haya hata kidogo. Alisema huo ni ukoo. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi, na kamba alizofunga yeye hazikuwahi kufunguliwa na mtu, zilikatwa kwa kisu zikifika pwani. Aliyeshuhudia hayo hayupo, lakini nani wa kubishana naye?

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye Mungu alimpa binti fundi wa ndege.

Julieth alisomea kazi hiyo Dar es Salaam, akaongeza na urubani, kisha akaajiriwa Mwanza kutengeneza ndege ndogo za watu. Hayo yangetosha kumnyima baba yake usingizi, lakini Julieth hakutosheka. Aliagiza ndege yake mwenyewe ya viti viwili, ikaja vipande vipande ndani ya makasha, na kwa miaka mitatu kila alipopata likizo alirudi Tabora kuiunga kwenye banda la nyuma ya nyumba, lile lililokuwa la kuhifadhia tumbaku. Zablon alimsaidia. Alishika mabati, alipiga ribiti, alichonga viegemeo vya mbao vya kushikilia mabawa, na tuseme ukweli, alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu astaafu. Kanisani alianza kusema "ndege yetu". Ugomvi ulikuja walipofika kwenye mabomba ya mafuta.

Mabomba yenyewe yalikuwa ya aluminiamu, membamba kama kidole, na viungio vyake vya aluminiamu vilevile. Zablon alipoviona alikwenda moja kwa moja kuchukua katani na rangi ili azungushie kwenye meno kabla ya kufunga, kama alivyofanya maisha yake yote. Julieth alimnyang'anya ile katani akicheka. Akamketisha, akamweleza kwamba hiki si chuma. Mdomo wa bomba umetanuliwa kama wa tarumbeta, unakaa juu ya ncha ya kiungio, na kazi ya nati ni kuukalisha hapo tu, basi. Hakuna katani, hakuna utepe. Nati unaizungusha kwa vidole mpaka igome, kisha spana moja inashika kiungio kisizunguke, na nyingine, spana ya kipimo, inavuta nati mpaka yenyewe ilie tik. Ikilia unaacha. Ukiendelea, mdomo unakandamizwa, unakuwa mwembamba kama ukingo wa chapati, halafu unapasuka.

Zablon aliisikiliza ile tik ya kwanza, akaiona ni dharau. Alisema hata Marcelina anaweza kukaza hivyo. Julieth akajibu kwamba ndiyo, na mama angekaza vizuri kuliko baba. Wakavifunga viungio vyote kumi na viwili namna hiyo, Zablon ameshika spana ya pili na uso umemkunjamana. Kila walipomaliza kimoja, Julieth alipitisha mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati hadi kwenye kiungio, ili nati ikisogea hata kidogo mstari ukatike na kila mtu aone. Kisha alifungua daftari kubwa la ndege na kuandika kiungio namba fulani kimekazwa, amekaza nani, na kutia sahihi. Kumi na viwili, sahihi kumi na mbili za Julieth. Mkaguzi kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja Jumanne, na bila kibali chake ndege ile ingebaki kuwa kichekesho cha Ipuli.

Jumamosi jioni akapita Ngollo, fundi mwenzake wa karakana, aliyestaafu siku moja na Zablon. Akaonyeshwa kila kitu. Akaipapasa nati moja, akauliza imekazwaje, akaelezwa habari ya tik. Hakucheka. Alimtazama Julieth aliyekuwa akifagia upande wa pili wa banda, akamwuliza Zablon kwa sauti ya chini kama huyu mtoto ndiye atakayeirusha. Zablon akasema ndiye. Ngollo akasema, "Aisee," akavaa kofia yake akaenda zake. Kuna watu wangefaa kutozwa faini kwa neno moja.

Hapo lazima nieleze desturi moja ya mafundi wale wa karakana. Injini ikishatengenezwa na kukaguliwa, kabla haijatoka, fundi mkubwa kuliko wote alipita peke yake na spana yake ndefu akaipa kila nati mvuto mmoja wa mwisho. Desturi hiyo waliiita kuiaga nati. Haikuwa kwenye kitabu chochote. Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia namna ya kusema kwamba hiki kitu kikiharibika njiani, si kwa mkono wangu. Miaka kumi ya mwisho mwenye kuaga alikuwa Zablon.

Jumapili asubuhi mzee wa kanisa Zablon Masolwa akaamka anaumwa tumbo. Akajikunja kitandani, akaguna inavyotakiwa. Julieth akamwonea huruma, Marcelina akamtazama tu. Wakaenda ibadani wao wawili. Hawajafika hata kona, mgonjwa yuko bandani na spana mkononi.

Aliziaga zote kumi na mbili. Alijiambia ataongeza kidogo tu, na aliongeza kidogo, ila kidogo chake. Kitu kimoja kilimshangaza: chuma hubisha, hukupa jibu mkononi, lakini nati hizi zilikubali upesi mno, zilikwenda laini kama zinazama kwenye ugali. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza. Zablon aliona ni dalili kwamba zilikuwa zinamsubiri. Alipomaliza alipumua, na kwa mara ya kwanza tangu Ngollo apite, moyo wake ukatulia.

Kisha akaiona ile mistari. Yote ilikuwa imekatika. Basi mzee mzima akaikwangua kwa ukucha, akatafuta kile kichupa cha rangi ndani ya sanduku la vifaa, akapiga magoti na kile kibrashi kidogo kama unyoya wa kifaranga katikati ya vidole vile vya karakana, akaanza kupaka. Alitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mistari ikatoka vizuri, hata mimi ningedanganyika. Tatizo ni kwamba alipofika ya tisa kichupa kilimponyoka, akakidaka kwa kidole gumba, na ukucha wote wa gumba la kulia ukageuka mwekundu. Alisugua kwa maji. Alisugua kwa mchanga. Rangi haikubanduka, ikazidi kung'aa.

Waliporudi Marcelina alimpikia uji mwembamba usio na sukari, kwa ajili ya tumbo, na wengine wakala kuku. Zablon alikunywa uji wake gumba likiwa limefichwa ndani ya ngumi. Marcelina aliliona alipopokea kikombe.

"Kidole kimefanyaje?" akauliza.

"Nimekigonga. Damu imevilia."

"Damu nzuri," akasema Marcelina. "Inakupendeza." Akamwongezea uji.

Jumanne saa tatu mkaguzi akafika. Jina lake Nurdini, mtu wa makamo, mpole, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, sauti ya chini kama ya mtu aliye hospitalini. Alimwamkia Zablon shikamoo na kumpa mkono, na Zablon akaitikia marahaba huku akimpa mkono wa kushoto, akasema wa kulia unamsumbua. Nurdini akampa pole. Mkono wa kulia ukarudi mfukoni.

Nusu ya asubuhi ilikwenda vizuri. Nurdini alizunguka ndege, akagonga hapa, akamulika pale, akafungua daftari na kusema hajaona daftari safi namna hiyo mwaka huu wote. Julieth alikuwa akijibu maswali kwa kifupi, lakini baba yake aliyemjua aliona jinsi alivyokuwa akisimama kwa vidole vya miguu, kama alivyofanya alipokuwa mdogo akisubiri kusomewa matokeo. Wakatia petroli kwenye tangi. Wakainua pua ya ndege juu ya viegemeo, wakawasha pampu, wakasubiri.

Chini ya kiungio cha saba likatokea tone.

Zablon ndiye aliyeliona kwanza. Akasema kwa haraka kwamba hiyo ni ya kukaza kidogo tu, na alikuwa ameshapiga hatua mbili, lakini Julieth akamwekea mkono kifuani. Tone likaanguka, lingine likaja. Wakazima pampu, wakatoa petroli, na Julieth akaifungua ile nati. Mdomo wa bomba ulikuwa umesagika, na ubavuni una ufa unaoonekana bila miwani.

Nurdini alivaa miwani hata hivyo. Alitazama bomba, akatazama daftari.

"Mstari ulikuwa mzima," akasema taratibu. "Hii nati haijaguswa tangu uikaze. Na imekazwa kupita kiasi, dada. Kupita sana."

"Nilikaza kwa kipimo," akasema Julieth.

Nurdini akaomba ile spana ya kipimo, akailinganisha na ya kwake aliyokuja nayo. Zote zikalia mahali pamoja. Akafungua nati nyingine mbili, na midomo ya mabomba yake nayo ilikuwa imebanwa vibaya. Basi, akasema kwa upole uleule, kama spana haina kosa, mkono ndio wenye kosa. Akauliza kule Mwanza mwaka huu Julieth amefunga mabomba ya ndege ngapi. Hakuuliza kwa ubaya. Alieleza kwamba itambidi aandike, na kule watalazimika kufungua kila kitu alichokifunga yeye, na leseni yake ya ufundi itasimamishwa mpaka ijulikane mkono huo umeharibikia wapi.

Julieth alisema ni nyingi, hazihesabiki. Akaugeuza mkono wake, akautazama kiganjani.

Hayo yote Zablon aliyasikia akiwa amesimama karibu na bawa, mkono wa kulia bado mfukoni. Alikuwa na hoja. Bomba ni bomba, litabadilishwa. Ndege itasubiri. Mtoto bado mdogo, atajitetea. Na yeye ni mzee wa kanisa, amesema uongo Jumapili, akaghushi mistari kwa rangi ya kucha, na kesho Ngollo atajua na keshokutwa Ipuli nzima. Aliona aibu hiyo yote ikimjia, akainamisha kichwa. Na pengine angenyamaza, maana binadamu ni binadamu, kama Julieth asingesema lile neno.

"Labda nilijisahau," akasema Julieth. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Labda siku zote huwa nazidisha na sijui."

Zablon akautoa mkono mfukoni na kuunyoosha mbele yao, gumba juu.

"Ni mimi," akasema. "Mkono wake hauna kosa. Niliziaga, zote kumi na mbili, halafu nikapaka rangi."

Ikabidi aeleze maana ya kuaga. Alieleza karakana, alieleza spana ndefu, alieleza Jumapili na tumbo na kichupa kilivyomponyoka, na kadiri alivyoeleza ndivyo lile gumba jekundu lilivyozidi kuonekana, kwa sababu hakujua aliweke wapi. Nurdini alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akaomba udhuru, ana simu ya kupiga. Alisimama nje nyuma ya banda kwa muda, simu hana, mabega yanamtikisika.

Aliporudi uso ulikuwa mkavu. Akasema ataandika kilichotokea kama kilivyotokea, na jina la dada halitaguswa. Viungio vyote vifunguliwe, midomo yote ikatwe na kutanuliwa upya, nati zenye walakini zitupwe. Yeye yuko Tabora mpaka Alhamisi, ana kazi nyingine uwanjani. Alhamisi asubuhi atapita tena. Akamuaga Zablon kwa heshima, na safari hii akapewa mkono wa kulia.

Julieth hakumsemesha baba yake Jumanne yote. Jumatano alifanya kazi tangu asubuhi, akikata mabomba, akilainisha kingo, akitanua midomo na kuikagua mmoja mmoja kwenye mwanga wa mlango. Zablon aliruhusiwa kukaa kwenye kigoda. Alikaa. Kuna wakati spana ilianguka karibu na mguu wake, akainama kuiokota, akaitazama sura ya binti yake, akaiacha spana palepale. Marcelina alileta chai mara mbili, akawatazama wote wawili, ila kikombe cha Zablon kilikuwa na uji.

Alasiri, viungio kumi na kimoja vikiwa vimeshafungwa, Julieth akafuta mikono na kumgeukia.

"Kwa nini, baba?"

Zablon alikuwa amelisubiri swali hilo na jibu lake lilikuwa tayari. Akaanza na desturi ya karakana, kwamba fundi mkubwa hawezi kuiacha mashine itoke hivihivi. Akapita kwa Ngollo na lile neno lake. Akasema pia kuhusu aluminiamu, kwamba hata mtu mwingine angekosea. Julieth alimwacha amalize yote.

"Sijauliza karakana," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Zablon akatazama ndani ya ndege, kwenye kiti cha kushoto. Ijumaa iliyopita Julieth alikuwa amekaa pale akipima kama miguu inafika kwenye pedali, na yeye alikuwa amesimama pembeni anamcheka.

"Naogopa," akasema. "Utakwenda kule juu, na mimi nitakuwa hapa chini, na kinachokushikilia ni vidude hivi vya kufungwa kama chupa ya asali. Naogopa, mama. Na mimi kitu ninachokijua ni kukaza tu."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele ya mtoto wake yeyote. Julieth akakaa chini sakafuni karibu na kigoda, mgongo kwenye gurudumu.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Kila siku. Ndiyo maana natumia kipimo."

Kisha Julieth akanyanyuka, akaokota ile spana ya kipimo, akampa. Nati ya kumi na mbili ilikuwa imebaki. Zablon alijifuta viganja kwenye suruali mara mbili. Akaizungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma, Julieth akashika kiungio kwa spana nyingine, na Zablon akavuta polepole, pumzi ameizuia. Tik.

Mkono haukutoka. Miaka thelathini na moja ilikuwa imejazana kwenye bega lile, inaomba kidogo tu, unywele mmoja. Julieth aliuona msuli ukicheza, akamwacha. Zablon akakiachia kishikio kidole kimoja kimoja, la mwisho likiwa gumba.

Julieth akapitisha mstari wa rangi. Akafungua daftari, akaandika kiungio namba kumi na mbili, na kwenye nafasi ya aliyekaza akaandika Zablon Masolwa, akampa kalamu atie sahihi. Mzee alitia sahihi yake yote, na jina la baba yake, ikajaa mistari miwili. Halafu akauliza kama anaweza kuitazama ile nati mara moja tena, kuitazama tu.

"Mikono nyuma," akasema Julieth.

Akasimama mbele yake, mikono ameifungia mgongoni, akaitazama mpaka Marcelina alipowaita kula.